Panya Aliyenaswa Mtegoni: Tumtendee Namna Gani?

Somo la kujifunza nyumbani na katika vikundi. Someni kwanza: Methali 12:10, Walawi 11:29-38, Kumbukumbu la Torati 22:6-7, 1 Samweli 6:1-5.



Wengine watacheka wakiona kichwa cha somo hili. Watasema, mashemasi wamekosa neno la kufundisha, sasa wanahubiri panya. Hatuwakatazi kucheka. Lakini someni mpaka mwisho, maana neno hili liliingia katika kusanyiko letu hapa Kiwanja kwa njia ya kuhuzunisha, nalo lilitukalisha chini majuma mawili.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Baba mmoja wa kusanyiko alikuwa amevuna mahindi na maharagi, akayaweka ndani ya chumba cha kulala kwa sababu ya wezi. Sote twafanya hivyo. Tangu miaka ya vita ni wachache wanaothubutu kuacha chakula nje katika ghala kama wazee wetu walivyofanya. Lakini penye magunia chini ya kitanda, panya naye atafika. Baba yule akanunua mtego wa chuma sokoni, akautega na kichwa cha sambaza. Usiku mtego ukalia. Asubuhi wakakuta mnyama ambaye hawakupata kumwona mbele: mkubwa kupita mtoto wa paka, mashavu yamevimba, na mkia wake nusu mweusi, nusu mweupe kabisa kama umechovywa katika chokaa. Mtego ulikuwa mdogo kwake. Ulimshika mguu wa nyuma tu, naye alikuwa hai.

Walipomgusa kwa fimbo akatema maharagi kutoka mashavuni. Na maharagi yale hayakuwa ya rangi ya maharagi yao. Yalikuwa ya rangi ya maharagi ya mjane jirani, mama mzee anayeishi na mjukuu wake. Basi neno likatoka: panya huyu ametumwa.

Kuanzia hapo hakuna aliyekumbuka kwamba mtego ulitegwa ili kuokoa mahindi. Walimwacha mnyama mtegoni siku mbili, wakifikiri kwamba aliyemtuma atasikia maumivu katika mwili wake na kuja mwenyewe kuungama. Watoto wa kartiye wakaja na vijiti na mawe. Kijana mmoja akaenda kutafuta mafuta ya taa ili wamchome akiwa hai. Mtoto wa miaka saba akatia mkono karibu mno, akaumwa kidole. Na jioni ya siku ya pili mawe yakaanza kuanguka juu ya mabati ya mjane.

Ndipo mama mmoja, asiye na cheo chochote katika kanisa, akaja mbio kutuita.

Tulikwenda watatu. Tuseme ukweli: tulipouona mkia ule, sisi wenyewe tulishikwa na woga. Lakini mnyama alikuwa anatetemeka, mguu umevunjika, ulimi umekauka, na nzi walikuwa wamekwisha kukaa katika kidonda. Tulimfunika kwa gunia, mmoja wetu akapiga pigo moja zito la kichwa kwa mchi, akafa. Kisha mmoja akampeleka mtoto hospitali ya Rutshuru, na wawili wakaenda kukaa mlangoni pa mjane mpaka usiku ukaingia sana. Siku ya yenga iliyofuata neno lilisemwa kanisani na kupatanishwa. Mjane alikubali mikono ya watu. Lakini mpaka leo anakaa kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango, wala si pale alipokuwa akikaa miaka yote.

Kwa sababu hiyo tumeona ni vema tuandike.

MNYAMA YULE NI NANI

Baada ya jambo lile tuliuliza, tukasoma, tukapata kujua. Mnyama yule ni panya wa porini wa jamaa ya wale ambao ndugu zetu wa Tanzania huwaita panya buku. Anaweza kupita kilo moja. Mkia wake huwa mweupe kwenye nusu ya mwisho. Mungu alimwumba hivyo, hakuna aliyempaka. Ndani ya mashavu yake kuna mifuko miwili ambamo hubeba chakula kwenda nacho shimoni, kama vile mama anavyofunga karanga katika ncha ya kitenge. Usiku huzunguka mashamba na nyumba, huchota hapa na pale, na hata vitu visivyoliwa huweza kuvichukua akaviweka akiba. Kwa hiyo, akitoka katika nyumba ya jirani na mashavu yamejaa maharagi ya jirani, hakuna siri ndani yake. Ameiba kwa mmoja akaja kuiba kwa mwingine. Mjane naye alikuwa ameibiwa.

Tena sikilizeni neno la ajabu. Huko Morogoro, katika Tanzania, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kuna shirika liitwalo APOPO, lililoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1997. Wanafundisha panya hao hao kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya akisikia harufu ya baruti hukwaruza udongo, naye ni mwepesi hata bomu haliwezi kulipuka chini yake. Mmoja aliyezaliwa kule Tanzania, jina lake Magawa, alipelekwa Kambodia mwaka 2016, akaonyesha mabomu 71 ya kufukiwa, mbali na silaha nyingine ambazo hazikulipuka. Mwaka 2020 shirika moja la Uingereza lilimpa nishani ya dhahabu. Alikufa mwezi wa kwanza mwaka 2022 akiwa mzee wa miaka minane. Wengine hunusa makohozi ya wagonjwa ili kutafuta kifua kikuu ambacho mashine ya kuonea haikukiona. Sisi watu wa Rutshuru, tunaojua bomu lililosahaulika shambani linafanya nini kwa mguu wa mtoto, tungepaswa kuwa wa kwanza kumstahi mnyama wa namna hiyo.

Hatusemi kwamba kila panya ni Magawa. Panya wa nyumbani anayekula mahindi yetu ni adui wa sahani yetu, na kumwua si dhambi. Mimba yake ni ya majuma matatu tu, naye huzaa wengi kwa mara moja. Mwaka 2008, mwezi wa 11, watu walipokimbia Kiwanja na kuacha nyumba, wengi waliorudi walikuta panya ndio wenye nyumba. Kwa hiyo hatufundishi kumpenda panya kuliko mkate wa watoto. Twafundisha namna ya kummaliza.

ULE MSTARI WA METHALI

Katika Methali 12:10 twasoma kwamba mwenye haki huangalia uhai wa mnyama wake. Wengine watajibu: panya si mnyama wangu, hakuna aliyemfuga. Ni kweli. Lakini saa ile mtego ulipofunga, amekuwa mkononi mwako. Hawezi kukimbia wala kujitetea. Alipokuwa huru mlikuwa wawili mnaoshindana, naye mara nyingi alikushinda. Sasa amebaki kuwa wa kwako, na maumivu yake yote yanayofuata ni kazi ya mkono wako, si ya mtego tena.

Torati nayo iliangalia mambo madogo kama hayo. Mtu akikuta kiota cha ndege amepewa amri namna ya kumtendea mama na makinda. Kama Mungu hakuona aibu kuweka amri juu ya kiota, sisi hatuwezi kuona aibu kuweka amri juu ya mtego.

Na tuliona kwa macho yetu jinsi mambo yanavyofuatana. Watoto walianza na kijiti juu ya panya, wakaishia na jiwe juu ya bati la mjane. Hawakubadili moyo katikati ya njia. Ulikuwa moyo ule ule. Kuhusu wale wanaosema panya, bundi au paka ametumwa na fulani, twawaambia wazi kama mashemasi: asilete mtu neno hilo katika maombi kama ushuhuda. Maono ya kweli hayajamtia mjane yeyote mawe juu ya nyumba.

HATARI KWA MWILI

Wako watakaosema huruma ni ya matajiri. Basi waache huruma, waangalie afya ya nyumba yao, watafika mahali pale pale. Panya anayeteswa ni panya anayeuma, anayekojoa, anayetoa damu, na viroboto vyake vinatafuta mahali pengine pa kwenda.

Someni 1 Samweli 6. Wafilisti walipopigwa kwa sababu ya Sanduku, walilirudisha pamoja na mifano ya dhahabu ya majipu matano na panya watano. Majipu na panya viliwekwa pamoja katika sadaka moja. Wengi wanaoichunguza Biblia wanafikiri huo ulikuwa ugonjwa wa tauni. Watu wa zamani walikuwa wameona kwamba viwili hivyo hutembea pamoja, ila sababu hawakuijua. Ilifahamika nyuma sana: mwaka 1894 daktari Alexandre Yersin aliona kijidudu cha tauni kule Hong Kong, na mwaka 1898 daktari mwingine Mfaransa, Paul-Louis Simond, akaonyesha kwamba kiroboto ndicho kinachokitoa kwa panya na kukileta kwa mtu. Kiroboto hukaa juu ya panya maadamu mwili una joto. Panya akifa na kupoa, kiroboto huruka na kutafuta damu nyingine yenye joto. Yule mtoto anayeshika panya mfu kwa mkia na kumzungusha ndiye aliye karibu.

Msiseme hayo ni ya nchi za mbali. Kongo yetu ni mojawapo ya nchi zenye tauni nyingi zaidi duniani, pamoja na Madagaska na Peru, na ni hapo juu kaskazini, katika Ituri, ambapo huonekana mara nyingi. Mwaka 2020 ilitokea katika zone ya afya ya Rethy. Enzi ya Wabelgiji ilijulikana pia upande wa Ziwa Edouard, huko Lubero. Dalili yake ni homa kali ya ghafula na uvimbe wenye maumivu kwenye kinena, kwapa au shingo. Inatibika kwa dawa za hospitali zikitolewa mapema, ukichelewa inaua. Kwa hiyo, mkiona panya wanakufa wenyewe ndani ya nyumba, wengi kwa siku chache, bila mtego wala sumu, msifagie na kunyamaza. Ondoeni watoto, msiguse, mwambieni mkuu wa kituo cha afya siku ile ile.

Kuna ugonjwa mwingine unaopita katika mkojo wa panya. Mkojo huingia katika maji na matope, na mtu mwenye kidonda mguuni akikanyaga humo huambukizwa. Mwaka 2022, mwezi wa 7, watu wa Ruangwa katika mkoa wa Lindi, Tanzania, walipatwa na homa iliyowatoa damu puani. Wizara ya afya ilihesabu wagonjwa 20, na watatu walikufa, nayo ikatangaza kwamba ni ugonjwa huo, ambao kule huitwa homa ya mgunda.

Na mpox? Sote tumeijua tangu ilipofika katika kambi za Goma mwaka 2024. Mtu wa kwanza aliyeonekana nayo duniani alikuwa mtoto wa nchi yetu hii, katika Équateur, mwaka 1970. Kwa Kiingereza waliiita kwa jina la nyani kwa sababu ilionekana kwanza katika nyani wa maabara, lakini wachunguzi wanawashuku zaidi wanyama watafunao, kama vile kindi na panya wakubwa wa porini. Mwaka 2003 panya wa namna hiyo, waliopelekwa Marekani kutoka Ghana kuuzwa kama wanyama wa kufuga, waliambukiza wanyama wengine, na watu 47 wakahesabiwa kuwa wameugua. Basi yule mwenye mkia mweupe asishikwe kwa mkono mtupu, awe hai au mfu.

NAMNA YA KUFANYA

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Huruma huanza siku ya kununua mtego. Mtego wa chuma uwe na nguvu; ujaribu kwa kijiti kabla ya kulipa. Mtego dhaifu haumwui panya, humvunja mguu na kumwacha. Weka kando ya ukuta, maana panya hupita kando kando, na upande wa chambo uelekee ukutani. Chambo kiwe kidogo na kifungwe kwa uzi: karanga, kichwa cha sambaza, kipande cha mhogo wa kuchoma. Mtego wenyewe ufungwe kwa kamba kwenye mguu wa kitanda, usije ukakokotwa chini ya kabati na mnyama aliyejeruhiwa. Tena usitegwe mahali ambapo mtoto anayetambaa atafika.

Mwenye mtego autazame asubuhi na jioni. Hii ndiyo amri tunayoiona inavunjwa kuliko zote. Watu hutega, wakaenda shamba siku mbili. Nanyi ndugu mnaopanda mlimani kuomba siku tatu kwa kufunga, fyatueni mitego yenu mbele ya kuondoka. Mnafunga kwa hiari. Panya aliyenaswa hafungi kwa hiari.

Ukikuta amekufa, vizuri. Ukikuta yu hai, ondoa watoto wote kwanza. Si tamasha. Vaa viatu vilivyofunika mguu, na mkononi vaa mifuko ya mpira; asiye nayo avae sache mbili nzito, moja juu ya nyingine. Mfunike mnyama pamoja na mtego kwa gunia zito. Akishaingia gizani atatulia. Mpapase kwa fimbo, si kwa mkono, mpaka ujue kichwa kiko wapi, kisha piga mara moja kwa nguvu zako zote, juu ya ardhi ngumu, kwa mchi au mpini wa jembe. Pigo la woga ndilo la ukatili. Mtu asiyeweza aite mwingine, hakuna aibu. Piga tena mara moja ili kuhakikisha, ungoje kidogo, utazame kama ubavu bado unapumua.

Kwa mtego wa waya ulio kama sanduku, weka mdomo wa gunia kwenye mlango wake, ufungue, panya atakimbilia giza la gunia. Sokota mdomo upesi, msukume mpaka kwenye kona, ufanye vile vile.

Msimzamishe katika ndoo. Wengi hudhani ni kifo cha upole kwa sababu hakuna damu, kumbe huogelea na kuhangaika dakika nyingi. Msimmwagie maji ya moto. Msimfunge katika sache ili akose hewa. Na moto, hasha! Mbali na dhambi, panya aliyewashwa huja kukimbilia chini ya nyumba, na katika miji yetu ya nyumba za mbao, kama pale Goma, si nyumba moja itakayoungua.

Je, tumpeleke mbali na kumwachilia? Tuliulizwa hivyo na dada mmoja mwenye moyo mwema. Panya wa nyumbani ukimtupa ng'ambo ya mto Rutshuru, atakufa njaa mahali asipopajua, au ataingia kwa mtu mwingine ambaye hukumwuliza. Kutuma balaa kwa jirani si huruma. Lakini wako wawili tunaoweza kuwaachilia. Mmoja ni yule mdogo mwenye pua ndefu na harufu kali, ambaye wengine humwita kirukanjia. Huyo si panya hata kidogo. Anakula mende na wadudu, anatusaidia. Mwingine ni mkubwa wa porini mwenye mkia mweupe, kama ameingia katika mtego wa waya naye hana jeraha. Mpelekeni jioni kwenye kichaka, mfungue mlango kwa kijiti kirefu mkisimama nyuma ya mtego.

Ikiwa panya jike aliyenaswa ana maziwa, tafuteni kiota siku ile ile, katika nguo kuukuu au nyuma ya magunia. Watoto wake wakiachwa watakufa polepole kwa njaa. Wamalizeni upesi kwa namna hiyo hiyo. Ni kazi mbaya, twajua.

Kisha mwagieni mwili ndani ya gunia maji yenye sabuni nyingi, kwa ajili ya viroboto. Uutie katika sache mbili, fukieni mbali na kisima, shimo lifike gotini, ili mbwa asifukue. Wengi hutupa barabarani, magari yapite juu. Hiyo si kazi ya mkristo wala ya jirani. Mtego na mahali pale vioshwe. Wakati wa Ebola, kati ya mwaka 2018 na 2020, sote tulijifunza maji ya klorini. Basi sehemu moja ya javeli katika sehemu tisa za maji, imwagwe, ingoje dakika kumi, kisha ipanguswe. Mavi ya panya yasifagiliwe makavu na kutimua vumbi, yalowesheni kwanza.

Juu ya chakula, Walawi 11 inashangaza. Kitu cha mti, nguo au gunia kilichoguswa na mzoga wa panya kilitiwa majini, bali chombo cha udongo kilivunjwa, kwa sababu udongo hunywa kilichomwagika wala hauoshwi ukatoka. Mbegu kavu hazikuhesabiwa kuwa najisi, bali zilizokwisha kutiwa maji zilikuwa najisi. Sisi nasi tufuate njia hiyo: maharagi makavu yachambuliwe, yaoshwe, yapikwe mpaka yaive, lakini unga uliolowa, uji uliolala wazi au maharagi yaliyolowekwa ambayo panya ameyaingia, mwageni. Twajua bei ya unga. Mwageni tu.

SUMU NA GUNDI

Kuna wauzaji wanaopita sokoni na vifuko vidogo visivyo na maandishi. Msinunue kitu kisicho na jina. Sumu nyingine humfanya panya atoke damu ndani ya mwili kwa siku kadhaa, akifia ukutani anuke, na paka au kuku anayemla huweza kufa naye. Tena sumu ya unga katika chungu hufanana na unga. Mtoto akiila, msimlazimishe kutapika, msimnyweshe mafuta ya mawese wala maziwa; kimbieni naye hospitali, na kifuko mkichukue mkononi ili waganga wajue ni sumu gani. Hata kama anacheza na kucheka, pelekeni, kwa maana ile ya damu haionekani siku ya kwanza.

Gundi ya kunasia panya nayo imeanza kuonekana. Mnyama hukaa humo saa nyingi, akijitafuna mguu na kujichubua ngozi. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2022 ya kuikataza kwa watu wasio na ruhusa, nayo ilianza kazi mwezi wa 7 mwaka 2024. Sisi hatuna haja ya kungoja sheria.

AKIUMWA MTU

Osheni jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, robo saa nzima, si dakika moja. Msitie majivu, mavi ya kuku wala petroli. Halafu nendeni kituo cha afya kwa ajili ya pepopunda, na kuona kama dawa nyingine zahitajiwa. Wengi huogopa wazimu wa mbwa. Panya si kawaida kuuleta, lakini mwacheni mganga wa hospitali aamue. Kukiwa na homa majuma yanayofuata, mwambieni kwamba mtu aliumwa na panya. Watu husema malaria na kunyamaza. Yule mtoto wa miaka saba aliyeumwa alichelewa siku nzima kwa sababu wazazi walikuwa wanangoja kuona ni uchawi gani. Kidole kilivimba mpaka kiganjani. Amepona, kidole kimebaki kigumu kidogo.

NENO LA MWISHO LA KAZI

Mitego ni kazi ya pili. Ya kwanza ni kumfungia mlango. Panya mdogo hupita tundu lenye upana wa kalamu, kwa hiyo zibeni kwa udongo mgumu na vipande vya bati. Magunia yawe juu ya ubao wenye miguu inayofika kiunoni, mbali na ukuta, na kila mguu uvishwe bati lililokunjwa kama faneli iliyopinduliwa. Mwenye pipa la chuma lenye kifuniko ameshinda.

Kusanyiko limenunua mitego miwili ya waya. Moja inakaa kwa shemasi mwenye zamu, nyingine inakaa kwa mama mjane tuliyemtaja, yeye mwenyewe amekubali. Anayehitaji aende aombe kwa adabu, ataipata kwa siku nne. Irudishwe siku ya posho mbele ya saa kumi, imeoshwa kwa javeli na kukaushwa juani, kwa sababu ile iliyorudishwa mara ya mwisho ilikuwa bado na manyoya.